Bi Badria na Torani ya Raja

Pale Ibra, Omani, ukitaka kofia ya kushona kwa mkono, utaambiwa ungoje Jumatano, siku ya suku, soko la wanawake, kisha umtafute Bi Badria bint Marhun. Hana duka. Ana busati lake, kiti kifupi alichonunua kwa ajili ya magoti, na sanduku lenye kofia kumi au kumi na mbili, hakuna mbili zenye nakshi moja. Ana umri wa miaka sabini na moja. Alishika sindano akiwa na miaka minane, na mpaka leo, jua likiwa zuri, hutunga uzi bila ya miwani.

Wanawake wa makamo wakipita mbele ya busati lake humwita Ustadha, maana aliwasomesha kushona katika skuli ya wasichana kwa miaka ishirini na minne. Wachache wanajua kuwa alipofika mji huu, mwaka wa sabini na mbili, msichana wa miaka kumi na tisa, hakuwa na Kiarabu ila kile cha msahafuni. Jamaa wa baba yake walimpokea kwa kahawa na tende wakamuuliza habari za safari, naye akawajibu kwa Kiswahili huku akilia kwa haya. Watoto wa jirani wakampa jina, Zinjibariya, yaani Mzanzibari, likamganda miaka mingi. Akaolewa na Soud, dereva wa lori la maji, mtu mpole aliyezaliwa Wete, na wawili hao walisemezana Kiswahili mpaka siku mume alipofariki. Tangu hapo, miaka tisa sasa, Kiswahili katika nyumba ile kimekuwa kidogo mno. Watoto watatu wako Maskati. Aliyebaki naye ni Khulood, kitinda mimba, mwenye miaka thelathini na sita, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini akikisema hutoka kimepinda.

Khulood ndiye msimamizi wa vitu katika makumbusho ya Sheikh Khalifa bin Hud. Sheikh Khalifa alitajirika kwa malori ya mizigo, na alipofika miaka hamsini alilikarabati jumba la mababu zake katika mtaa wa kale, ghorofa mbili za mawe na udongo, akaanza kulijaza vitu vya Kihindi. Masanduku ya msaji yaliyopigwa misumari ya shaba, picha zilizochorwa nyuma ya kioo, mirashi ya fedha, vijaluba vya tambuu, hariri, na panga za mapambo ambazo hazikupata kukata kitu. Vingine alivinunua Bombei mwenyewe, vingine minadani Ulaya.

Miaka mitatu Khulood alifanya kazi mle, na miaka mitatu alimbembeleza mama yake aende japo mara moja akatazame.

"Ntakuja, mwanangu, inshallah. Magoti yakipoa."

Hayakuwa magoti. Bi Badria alikuwa akijua kilichomo mle. Vitu kama vile alilala navyo chumba kimoja utotoni, aliviparamia, alipigwa kwa kuvichezea. Hakuwa na hamu ya kuvitazama nyuma ya kioo, kila kimoja na nambari yake.

*

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, suku likiwa limechangamka, Khulood alikuja mbio mbio, buibui lina vumbi hadi magotini. Akachutama mbele ya busati.

"Shikamoo, Mama. Mama, imeanguka. Ile kubwa, ya shanga. Uzi imeoza, yote imemwagika chini. Tumeokota saa mbili, wallahi bado yanatoka chini ya makabati."

"Zinatoka," alisema Bi Badria. "Shanga zinatoka. Ni kitu gani hicho?"

Khulood akampa simu. Pichani palikuwa na kitambaa kirefu cha shanga, kipana kama mlango, ardhi yake nyeupe ya maziwa. Tembo wawili wenye mikonga iliyoinuliwa wanatazamana, juu yao kasuku na nyota, na chini vinaning'inia vipande vilivyochongoka kama majani. Upande wa kushoto nusu ya tembo ilikuwa imetoweka, nyuzi tupu zimesimama kama nywele.

Bi Badria aliitazama muda mrefu. Mteja aliyekuwa akijaribu kofia ya mwanawe aliuliza bei, hakujibiwa.

"Hii torani," alisema mwisho.

"Nini?"

"Torani. Hutundikwa juu ya mlango."

Khulood alistaajabu. "Sisi tumeandika pazia la kifalme. Mama, wewe jina hiyo umelijua wapi?"

"Nilikuwa nikiishona."

Khulood aliwahi kuona mama yake akishona kofia, nguo za harusi, mapazia ya skuli, hata mfuko wa kuhifadhia msahafu. Shanga hakupata kumwona nazo hata siku moja.

*

Kesho yake magoti yalipoa. Bi Badria alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akapanda gari ya bintiye hadi mtaa wa kale.

Alipita ukumbi wa kwanza bila kutazama pembeni. Katika ukumbi wa pili palikuwa na bembea ya Kigujarati, kitanda kizima kinachoning'inia kwa minyororo ya shaba yenye vindege. Akasimama. Aliinyoosha mikono yake kwenye mnyororo, akakumbuka kuwa hapaguswi, akairudisha kifuani.

Sheikh Khalifa aliwangojea chumba cha ndani, mtu wa miaka sitini na minne, mrefu, kilemba chake kimefungwa kwa utaratibu. Dada zake wawili walisoma kwa Bi Badria, kwa hiyo alimwita Ustadha na kumpa kiti kabla ya kukaa yeye. Alisema kwa Kiarabu, maana Kiswahili hakuwa nacho.

"Ustadha, kitu hiki ndicho fahari ya nyumba. Kimetoka kasri la raja, mfalme wa Kihindi. Alishonewa binti yake kwa siku ya arusi. Nimeuliza fundi wa nje, ameniambia kipelekwe, kikae mwaka. Mimi ukumbi mpya naufungua mwezi wa pili."

Torani ilikuwa imelazwa mezani juu ya shuka nyeupe. Kando yake, shanga zilizookotwa zilikuwa zimetiwa katika finjani za kahawa, thelathini na kitu, rangi zote zimechanganyika. Bi Badria alichukua ushanga mmoja kwa ncha ya kidole. Mdogo kuliko punje ya mtama.

"Nipe sindano nyembamba kuliko hizi mlizonazo," alisema, "na uzi wa pamba, na nta. Nipe pahala penye dirisha. Ntakushonea upana wa kiganja. Ukiona haifai, ufumue."

Alishona upana wa kiganja siku tatu. Siku ya nne Sheikh Khalifa alikuja na miwani ya kukuzia, akatafuta mahali kazi ya zamani inapokoma na mpya inapoanza. Akatafuta tena. Akaiweka miwani chini, akamwambia Khulood kila asubuhi dereva aende kumchukua Ustadha.

*

Sasa niseme alikojifunzia.

Yeye na wazee wake walikaa mtaa wa Kiponda, Unguja mjini, katika nyumba iliyoshikana ukuta na nyumba ya Wahindi. Baba yake, Marhun, alikuwa karani wa bandarini. Nyumba ya pili alikaa msichana wa umri wake, Hansa, pamoja na wazee wake na bibi yake ambaye kila mtu, pamoja na wauza samaki, alimwita Ba. Ba alikuwa kizee mwembamba mwenye bangili za pembe, na kila baada ya chakula cha mchana alikaa juu ya bembea akashona shanga, mguu mmoja ukisukuma sakafu polepole. Hansa hakupenda kushona. Alipenda kukimbia darini. Badria ndiye aliyekuwa akikaa chini akitazama, mpaka siku moja Ba akamtupia sindano bila ya kusema neno.

Alimfundisha mwendo wa shanga tatu: mbili unaziingiza, ya tatu unaipitia ile iliyokwisha kushonwa, unavuta.

"Vuta, usinyonge," Ba alimwambia. "Ukinyonga, leo nzuri, kesho uzi unakatika. Kama mtu na mume."

Mama yake Badria aliposikia, aliingia wasiwasi. Alimwendea Ba barazani, akamwambia kwa adabu kuwa hapendi mwanawe ashone miungu. Ba alicheka mpaka akakohoa. "Mungu wangu mimi nashona mwenyewe, bibi. Mtoto nitampa kasuku." Na kasuku ndiye aliyempa, na nyota, na ua. Tembo alikuja baadaye, baada ya mama kukubali kuwa tembo ni mnyama tu.

Ba alikuwa akipenda kumhadithia safari za shanga zile. Zilitengenezwa Ulaya, alisema, zikaletwa Unguja kwa meli, kwa ajili ya watu wa bara. Wafanyabiashara wa Kihindi wakazipeleka makwao Kathiawar, kule India, wanawake wakazishona, na bibi arusi akiozwa Unguja akarudi nazo sandukuni. "Ushanga umesafiri kuliko mimi," Ba alisema.

Mwisho wa Shaabani, Januari ya mwaka wa sitini na nne, Badria alikuwa amefika kwenye bawa la kasuku wake wa pili. Jumamosi jioni aliiacha kazi juu ya bembea, sindano imechomekwa ndani, kwa sababu aliitwa kula. Usiku huo mji ukageuka. Baba yake alitoka asubuhi kuuliza habari na hakurudi, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mama na mtoto walijificha nyumba ya Hansa siku nne, chumba cha nyuma, na Ba aliwapelekea chakula mwenyewe, kwa mkono wake, ili asiwepo mtu mwingine wa kuulizwa. Kisha wakapata chombo cha Mombasa. Walipofika huko walisikia kuwa nyumba yao ishapewa watu, na baada ya mwaka wakasikia kuwa akina Hansa nao wamehama, wengine wakisema wamekwenda Bombei, wengine Leicester. Barua hazikujibiwa.

Bi Badria hakumhadithia mtu haya yote kwa mpango. Soud aliyajua kwa vipande. Watoto, mpaka hapo, hawakuyajua.

*

Karibu miezi miwili alikaa kwenye dirisha lile. Kwanza alizichagua shanga, finjani kwa finjani, nyeupe za zamani mbali na nyeupe zilizoongezwa baadaye. Kisha akaanza tembo. Mikono ilikuwa imemsahau tembo siku mbili tu. Siku ya tatu ikakumbuka yenyewe, na mguu wake wa kulia, bila ya yeye kutaka, ukawa unasukuma sakafu.

Khulood alikuwa akikaa naye baada ya wageni kuondoka, na kazi ikimkumbusha, mama alimtajia kidogo kidogo Kiponda, na Ba, na Hansa. Siku moja alinyoosha kidole kwenye sikio la tembo wa kulia, lile ambalo halikuharibika.

"Mama, hapa wamekosea. Kijani moja katikati ya nyekundu."

"Hawakukosea. Kitu kisichokuwa na kasoro hukaribisha jicho. Ukimaliza kazi unatia ushanga mmoja wa kigeni."

"Na hii, mbona hapa imekaza na hapa imelegea?"

Bi Badria alifurahi kuulizwa. "Mikono miwili. Huyu wa kukaza alianza, mtu mzima. Huyu wa pili mtoto. Tazama, hapa bluu imewaishia, wakamalizia na zambarau wakijifanya ndivyo walivyotaka." Akacheka peke yake. Khulood alimtazama mama yake akicheka, na alinihadithia baadaye kuwa alijiona kama anamtazama mtu ambaye hajapata kujuana naye.

Mwanzoni mwa Januari, ili kukaza nyuzi za kushoto, ilibidi wafungue bitana. Ilikuwa ya kitambaa cha atlasi nyekundu, kizuri, imeshonwa kwa mashine. Bi Badria aliifumua pole pole. Chini yake palikuwa na bitana nyingine, ya zamani, kuukuu, imeshonwa kwa mkono kwa mishono ile ile ya kukaza. Rangi yake ilikuwa imepauka, lakini pindo lilionekana, na ndani ya pindo mstari wa maandishi ya herufi za Kiarabu, yamekatwa mwanzo na mwisho.

Khulood aliinama akajaribu kusoma. "Hii si Kiarabu. Haina maana."

"Si Kiarabu," alisema mama yake. "Kiswahili. Hii kanga." Aliweka kidole chini ya herufi. "Ni njoo mwenye... Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekatwa kichwa, mwenyeji amekatwa miguu."

Akaweka kiganja chake juu ya kile kitambaa. Khulood aliuliza kwa sauti ndogo kama inawezekana ikawa ni ya yule bibi wa Kiponda aliyemfundisha.

"Hapana," alisema Bi Badria mara moja. "Natamani. Lakini Ba hakuwa akishona tembo mkonga juu. Alisema unamwaga baraka. Hii ya watu wengine. Kina Ba walikuwa wengi, mwanangu."

*

Sheikh Khalifa aliitwa. Alitazama kanga, akasomewa maneno yake, akatazama atlasi nyekundu iliyowekwa kando, akaelewa kabla hajaambiwa. Hata hivyo Bi Badria alimwambia, maana alimwona kuwa ni mtu wa kuambiwa kweli.

"Sheikh Khalifa, kazi hii haikushonwa kasrini. Imeshonwa nyumbani, na mwanamke na mtoto, pengine Unguja, pengine Lamu au Mombasa. Raja hawezi kutia bitana pazia la bintiye kwa kanga iliyochakaa. Aliyekuuzia, au aliyemuuzia yeye, ndiye aliyetia hii nyekundu juu."

"Cheti ninacho, Ustadha."

"Cheti unacho. Na kanga hii hapa."

Sheikh alitembea hadi dirishani na kurudi. Kitabu cha makumbusho kilikwisha kuchapwa, na torani ndiyo iliyokuwa kwenye jalada, chini yake jina la raja. Wageni wakubwa walikwisha kualikwa. "Irudishe ile nyekundu kama ilivyokuwa," alisema mwisho. "Nani atatazama mgongoni?"

"Ntairudisha ukitaka, mali ni yako. Lakini mie jina la raja sitolitaja. Na mtu akiniuliza, ntamwambia nilichokiona."

Sheikh Khalifa alivuta pumzi. Hakupandisha sauti. "Mkono wako mashallah, Ustadha. Umetusaidia sana. Khalas, pumzika sasa."

Asubuhi iliyofuata dereva hakuja, wala ya pili yake.

Nyumbani wakagombana, mama na mwana, jambo ambalo halikuwa la kawaida yao. Khulood alianza kwa Kiswahili, hasira ikamhamishia kwenye Kiarabu, akarudi tena. "Kitambaa tu, Mama! Ile kitambaa tu! Ungeshona, ungenyamaza. Mimi nitapata wapi kazi nyingine kama hii hapa Ibra? Hao watu wamekufa zamani, wao inawauma nini?"

Bi Badria alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Nyumba yetu ya Kiponda," alisema, "ilipochukuliwa, siku ile ile iliitwa nyumba ya mtu mwingine. Mama yangu alirudi mara moja, mwaka wa sabini na moja, kabla hatujaja huku. Akasimama mlangoni kwake akaulizwa, wewe nani, unamtafuta nani. Akasema amepotea njia. Akaondoka." Akautikisa ungo. "Kitu kikiitwa jina lisilokuwa lake, mie najua kinavyouma. Hao hawana wa kuwasemea. Mie nipo."

Khulood hakuwahi kusikia habari ya nyanya yake kusimama mlangoni. Alikaa chini, akavuta upande wa pili wa ungo, wakachambua pamoja.

*

Siku ya kumi na sita, baada ya sala ya alasiri, gari ilisimama nje. Si dereva, Sheikh Khalifa mwenyewe, na sahani ya halua mkononi kama mtu anayekuja kuposa. Khulood alimkaribisha majilisi, chumba cha wageni, akaleta kahawa. Bi Badria alikaa mkabala naye.

Sheikh alizunguka kwanza, akauliza magoti, akauliza watoto wa Maskati. Kisha akatoa simu, akaonyesha picha ya ule mstari wa kanga.

"Nisomee tena, Ustadha. Yote, na kilichokatwa."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akayarudia maneno yale kwa ulimi mzito, moja moja. Akaiweka finjani chini.

"Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiyasema haya," alisema. "Kila mlango wetu ukigongwa, kabla hajafungua. Sisi watoto tulidhani ni dua. Tulikuwa tukiitikia amin."

Bi Badria aliweka mkono mdomoni.

"Babu yangu alikuwa na duka Unguja, la vitambaa. Kidogo, kama chumba hiki. Baba yangu hakupenda tutaje duka, wala hakupenda bibi aseme Kiswahili mbele ya wageni. Alitaka tujulikane kwa ukubwa wa jumba. Nami nikafuata njia hiyo hiyo, nikanunua raja." Akatabasamu kwa uchungu. "Usiku ule uliponionyesha nilirudi peke yangu nikaitazama. Kanga ile, Ustadha, huenda imetoka duka la babu yangu, na huenda haikutoka. Sitojua kabisa."

"Hutojua," alikubali Bi Badria. "Maana yake lakini unaijua sasa? Mgeni akija, mwenye nyumba hupata nafuu, hupona. Si dua, lakini inakaribia."

"Inakaribia," alisema Sheikh Khalifa, na akainamisha kichwa akafuta macho kwa ncha ya kilemba, bila ya kujificha.

Alipoondoka, halua ilikuwa haijaguswa. Khulood ndiye aliyeifungua. Walikula kwa kijiko kimoja, zamu kwa zamu.

*

Ukumbi ulifunguliwa mwezi wa tatu, si wa pili, baada ya Bi Badria kurudi dirishani kwake akaimaliza kazi. Jalada la kitabu lilichapwa upya. Torani haikutiwa kabatini; ilitundikwa juu ya mlango wa ndani wa jumba, kwenye fremu ya kioo pande zote mbili, hivyo mtu akipita chini yake akageuka, anaona mgongo na ile kanga. Kibao chake Khulood alikiandika kwa Kiarabu, kisha mama yake akakisimamia kwa Kiswahili, wakibishana kila neno: kazi ya shanga, imeshonwa na mwanamke na mtoto, majina yao hayajulikani, pwani ya Afrika Mashariki. Atlasi nyekundu nayo imekunjwa kwenye kisanduku pembeni, na maelezo ilikofumuliwa.

Wageni walikuja, wakubwa na wa kawaida. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja wa Kigujarati aitwaye Bi Kokila, ambaye mumewe ana duka la dhahabu Nizwa. Alisimama chini ya mlango akatazama juu mpaka shingo ikamuuma, akauliza nani aliyeitengeneza. Alipoonyeshwa Bi Badria, alimsemesha kwa Kigujarati, na Bi Badria, baada ya miaka sitini, akafungua mdomo akatoa maneno manne. Matatu yalikuwa sahihi. La nne lilikuwa neno la watoto, la mchezo wa kukimbizana, na Bi Kokila akacheka akamshika mabega. Alimwambia kuwa Nizwa, chini ya kitanda, ana torani ya mama mkwe wake, imeharibika, na anaona haya kuitupa.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata mama na mwana walitoka Ibra asubuhi na mapema, kwa njia ya Mudhaibi na Izki. Bi Badria alikuwa na sindano zake, nta, na kofia ambayo haijamalizika mapajani. Khulood aliendesha hadi Mudhaibi, kisha akasema:

"Mama. Yule Hansa. Nywele yake ilikuwaje?"

"Zake zilikuwaje."

"Nywele zake zilikuwaje?"

"Ndefu, mwanangu. Akizikalia. Siku moja zilikwama kwenye mlango wa choo, tukapiga kelele, sote wawili, mpaka akaja muuza mkaa kutuokoa..."

Akaendelea. Alipofika kwa muuza mkaa ikabidi amweleze muuza mkaa alikuwa nani. Na kwa kuwa muuza mkaa huyo alikuwa Mngazija mwenye kuimba maulidi, ikabidi aeleze maulidi yalisomwaje, na nani alipika, na baba yake alivaa nini. Khulood aliuliza neno asilolijua, akalirudia, akauliza jingine. Milima ikapita. Walipofika Birkat al Mauz walikuwa bado wako Kiponda, ngazi ya pili ya nyumba ya Ba, na Nizwa imebaki karibu mno kwa hadithi iliyobaki. Khulood akatoka barabarani, akaegesha kando ya mashamba ya migomba, maji ya falaji, mfereji wa kale, yakipita pembeni. Akazima injini, akampigia simu Bi Kokila kuomba radhi kuwa watachelewa kidogo.

"Haya, Mama," alisema. "Ba akafungua mlango. Kisha?"